Mkwe Haonekani Akila

Msomaji, mtu mzima hawezi kukaa chini ya meza wiki nzima. Tumtoe Obitre pale tulipomwacha.

Tulimwacha katika hoteli ya Sahau Shida, mtaa wa Mvara, amejikunja chini ya meza yake mwenyewe, paja la kuku mkononi, kitambaa cha plastiki kimemfunika mpaka magotini. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Yangi wa Koboko, mama mzazi wa Poni. Kuna mtu mmoja tu katika dunia hii ambaye Obitre amekatazwa asimwone akila, na huyo mmoja ndiye aliyeingia.

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungia mandazi, nikukumbushe kwa haraka. Obitre ni kijana wa Aroi anayeziuzia mchele hoteli za Arua. Kazi ni mchele, lakini kipaji ni kula. Hakuna hoteli ya mtaani jijini humu ambayo hajaifunua sufuria. Anampenda Poni, dada wa duka la dawa, na kesho wazee wake wanapeleka mbuzi Koboko. Kwa ukoo wa kina Poni, mbuzi huyo akishafungwa uani, mkwe na mama mkwe hawaonani wakila mpaka mtoto wa kwanza aote meno. Mkwe akionekana, mbuzi anarudishwa na posa inakufa.

Mbuzi ni wa kesho, ndiyo. Lakini baba mdogo Ocama, msemaji wa upande wa Obitre, ni mtu wa kufunga mlango kabla mwizi hajazaliwa. "Anza haya leo," alimwambia. "Huyo mama hapana ona wewe nakula hata karanga."

Ndiyo maana mtu wa watu yuko chini ya meza.

Viatu vya bluu vilitembea sakafuni, vikapita meza ya kwanza, vikapita ya pili, vikasimama mbele ya pua ya Obitre. Kiti kikavutwa. Mama Yangi akaketi kwenye meza ile ile.

"Karibu mama, nakula nini?" mwenye hoteli aliuliza.

"Mimi natafuta mutu. Jina yake Obitre. Nasikia iko nakula hapa."

"Obitre? Alikuwa hapa sasa hivi. Sahani yake ndiyo hiyo mbele yako."

Obitre alifumba macho. Juu ya kichwa chake alisikia sahani ikivutwa polepole, kisha mfupa ukigeuzwa upande mmoja, na upande wa pili.

"Hii shingo hapana maliza," Mama Yangi alisema. "Mwanaume gani naacha shingo ya kuku hivi?"

Obitre alitaka kujitetea. Shingo alikuwa anaihifadhi kwa mwisho, kila mtu aliyesoma mambo ya kuku anajua shingo ni ya mwisho. Lakini kujitetea ukiwa chini ya meza kuna matatizo yake.

"Na ugali naisukuma pembeni. Pilipili kidogo tu." Mama Yangi alikuwa anaisoma sahani kama wengine wanavyosoma gazeti. "Mimi iko na hoteli Koboko, mwenzangu. Mutu akisimama mezani, mimi najua kwake iko amani ama hapana. Lakini hii nusu sahani hapana sema kitu. Maji ya kunawa iko wapi?"

Viatu vya bluu vikaenda uani. Mkono mkubwa ukaingia chini ya kitambaa na kumvuta Obitre kwa kola. Alikuwa Dumo, rafiki yake wa boda, aliyekuwa akimsubiri nje.

"Toka, mkwe," Dumo alisema. "Jikoni iko na mlango."

Walipita katikati ya masufuria, wakaruka gogo la kuni, wakatokea barabarani. Pikipiki ikawaka. Obitre aliangalia mkono wake na kukuta paja la kuku limeangukia njiani. Hapo ndipo uso wake ulipokuwa wa mtu aliyefiwa.

"Twende Awindiri," alisema. "Mimi bado iko na njaa."

Msomaji, usimcheke. Mwanaume anayekimbia mama mkwe ana haki ya kula pia.

Kule Awindiri walikaa katika kibanda cha Mama Kevina, ambaye maharage yake yanapikwa na simsim, yaani ufuta, mpaka yanasahau kwamba ni maharage. Obitre alinawa. Alivuta sahani. Alikata tonge la enyasa, ule ugali wetu mweusi wa muhogo na ulezi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya, akalipeleka mdomoni.

Boda ikasimama nje. Viatu vya bluu vikashuka.

"Amejuaje?" Obitre alinong'ona, tonge hewani.

Amejuaje. Jiji zima linajua. Tangu Arua iitwe jiji watu wengi wamekuwa wageni kwa majirani zao, lakini siyo Obitre. Kule Mvara mwenye hoteli alikuwa amemwelekeza mama kwa roho safi kabisa: ikiwa Obitre hayuko kwangu, yuko kwa Kevina. Ikiwa hayuko kwa Kevina, yuko mtaa wa Oli anakula pilau. Ikiwa pilau imekwisha, yuko kwa Eyotaru. Mtu akitaka kujificha, asiwe maarufu kwa kula.

Obitre alitoka kwa dirisha. Lilikuwa dirisha dogo na Obitre siyo mdogo, kwa hiyo Mama Kevina alilazimika kumsukuma kutoka ndani huku akiuliza kama ni polisi.

"Ni mbaya kuliko polisi," Dumo alimjibu. "Ni mama ya mke."

"Basi sukuma sana," alisema Mama Kevina, naye akaongeza bega.

Kule Oli hawakushuka hata kwenye pikipiki. Harufu ya pilau ilikuwa imefika barabarani, na kiti cha kwanza karibu na mlango kilikuwa tayari kimekaliwa. Mama Yangi alikuwa amepita njia fupi. Alikuwa amekunja mikono, ameagiza chai tu, macho yake yakifuata kila mkono ulioinuka kutoka kila sahani.

"Huyu mama hapana tafuta wewe na hasira," Dumo alisema wakiwa wamejificha nyuma ya lori la magunia. "Angalia uso yake. Ni kama mutu anataka kununua ng'ombe."

"Na mimi ndiye ng'ombe?"

"Ng'ombe anaruhusiwa kula mbele ya watu, ndugu. Wewe iko chini ya ng'ombe."

Simu ya Obitre ililia. Ilikuwa Poni.

"Wewe iko wapi?"

"Niko na heshima yangu," Obitre alisema. "Mama yako ananifuata kila hoteli. Nimeacha kuku, nimeacha maharage, na pilau naiona kwa macho tu. Lakini mwambie hajaniona. Sijaonekana nakula hata punje."

Obitre alisubiri asifiwe.

"Obitre," Poni alisema taratibu, kama anavyowasomea wagonjwa dozi, "nani alikuambia ukimbie?"

"Baba mdogo."

"Mbuzi ni ya kesho. Leo wewe siyo mkwe. Leo wewe ni mutu tu. Mama alikuja leo ndiyo akuone unakula, kwa sababu kuanzia kesho hataweza kukuona ukila tena. Hii ndiyo siku yake moja. Aliacha hoteli yake, alipanda gari asubuhi, na wewe unaruka madirisha."

Obitre aliketi kwenye tairi la lori.

"Kwa nini anione nakula?"

"Kwa sababu ndivyo anavyojua watu. Wawili walikuja kabla yako. Wa kwanza alikuwa anaangalia sahani ya jirani kuliko yake, mama akasema huyu atakuwa hivyo na wanawake. Wa pili alitema miiba ya samaki mezani, pfu, pfu, mbele ya wageni. Mama akasema huyu hataheshimu nyumba. Wote alikataa, na baba yangu hawezi kusema ndiyo kama mama amesema hapana."

"Na mimi?"

Sauti ya Poni ilibadilika. Siyo hasira tena. Ilikuwa ya mtu anayeona kitu chake kinateleza.

"Wewe anasema unaficha kitu. Anasema mutu anayejificha kula, anajificha na mengine. Anarudi Koboko na gari ya jioni, na akifika atawaambia wazee wasipokee mbuzi. Obitre, mimi nilimwambia wewe unakula vizuri. Niliapa."

Tuseme wazi, maana hapa hakuna haja ya kuzunguka: Obitre alimpenda Poni. Alimpenda tangu siku alipokwenda kununua dawa ya tumbo na yeye akamuuliza, bila kucheka, ni hoteli gani. Tumbo lake lilikuwa tupu na moyo wake ulikuwa mzito, na kwa mtu kama yeye hali hizo mbili hazijawahi kukutana.

"Mlete kwa Eyotaru," alisema. "Nitakaa katikati. Nitakula mpaka achoke."

Hoteli ya Eyotaru iko nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye viti vya mbao vinavyolia. Ukigeuka kidogo kinalia. Ukicheka kinalia. Wateja wamezoea, na wengine husema ndiyo muziki wa pale. Saa hiyo ya alasiri hapakuwa na mtu. Eyotaru alikuwa uani anatwanga simsim, na kinu chake kilisikika hadi barabarani. Dumo alibaki nje, akajilaza juu ya pikipiki yake, akasinzia.

Mama Yangi aliingia na Poni. Obitre alisimama, akainamisha kichwa, akatoa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza siku ile walionana uso kwa uso, ingawa mama alikuwa tayari ameuona mgongo wake ukitoka dirishani.

"Mama, shikamoo. Samahani ya kukimbia."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nakimbia vizuri," Mama Yangi alisema. "Sasa kaa. Eyotaru, letea huyu angara."

Poni alishtuka. Obitre alimeza mate. Wewe ambaye hujala angara, mshukuru Mungu au mlaumu, sijui. Ni samaki mtamu kuliko wengi na ana miiba kuliko wote. Mama Yangi hakuchagua kwa bahati. Yule wa pili aliyekataliwa alianguka kwa angara hiyo hiyo.

Sahani ikaja: samaki amelala katika mchuzi wa simsim, enyasa pembeni inafuka mvuke. Eyotaru akarudi kwenye kinu chake. Mama Yangi aliegemeza viwiko mezani na kumtazama Obitre, hakuchoka kutazama. Poni alikuwa ameshika glasi ya maji kwa mikono yote miwili.

Obitre alinawa. Alikata tonge. Hapo simu yake ikalia, na jina lililoandikwa lilikuwa la baba mdogo Ocama.

"Pokea," Mama Yangi alisema. "Mkubwa hapana ngojeshwa."

Obitre aliweka simu sikioni.

"Mwanangu, furahi," sauti ya Ocama ilisema, na nyuma yake mbuzi alikuwa analalamika. "Mimi nimeona kwa nini tungoje kesho. Gari ya jirani ilikuwa nakuja Koboko bure. Tumefika. Mbuzi imefungwa uani sasa hivi, wazee wamepokea, wamekunywa chai. Wewe ni mkwe, mwanangu. Sikia, huyo mama asikuone nakula."

Obitre alikata simu. Tonge lilikuwa bado kwenye vidole vyake.

Simu nyingine ikaanza kulia, ndani ya mkoba wa Mama Yangi. Mama aliutazama mkoba. Hakuufungua. Mwanamke wa hoteli hujua saa ambazo wazee wa nyumbani hupiga simu, na kwa nini.

"Simu ikilia haijasema kitu," alisema polepole. "Kula kwanza."

Msomaji, hapo palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Mama hakuwa amesikia. Obitre angelimeza lile tonge, angelitabasamu, na baadaye kila mtu angelisema hakujua. Mimi ningekuwa yeye, ningekula. Ningekula mpaka kichwa cha samaki.

Lakini Obitre alimtazama Poni, ambaye aliapa kwa ajili yake, na tonge likawa zito. Aliona uongo huu ungemkwama kooni maisha yote, kila atakapokaa kula na mke wake.

Alirudisha tonge sahanini.

"Mama, mbuzi imefika. Wazee walienda leo. Mimi ni mkwe tayari. Hapana ruhusa uone mimi nakula."

Mkoba uliacha kulia. Uani kinu kiliendelea. Poni aliinamisha uso, na machozi yalikuwa karibu, kwa sababu alijua mama yake ni mtu wa sheria kuliko mahakama.

"Mbuzi dume ama jike?" Mama Yangi aliuliza.

"Dume, mama."

"Iko nono?"

"Mimi mwenyewe nilichagua."

"Hm." Mama Yangi alitoa simu mkobani, ikaanza kulia tena mkononi mwake. Alimpa Poni. "Ongea nao nje, hapa mtandao mbaya. Sema asante. Sema mama yuko njiani nakuja."

Poni alitoka. Mama Yangi alisimama, akakishika kiti chake, akakigeuza kikalia vizuri, akaketi tena akiwa amempa Obitre mgongo na uso wake ukitazama ukuta, ambapo palikuwa na kalenda ya zamani na kioo kilichovunjika ambacho Eyotaru hajawahi kukitoa. Akakigeuza na kile kioo pia kikatazama ukuta.

"Macho iko na sheria," alisema. "Masikio hapana. Mimi naishi jikoni miaka mingi, mwanangu. Wateja wangu nakula nyuma ya pazia na mimi najua nani naringa, nani naiba nyama ya mwenzake. Kula. Mimi nasikia."

Sijui kama umewahi kusikilizwa unakula. Obitre alisema baadaye kwamba ni heri kuchunguliwa bafuni. Alikata tonge kwa upole. Alitafuna mdomo umefungwa. Alichovya bila kugusa ukingo wa sahani.

"Vizuri," mgongo ulisema. "Hapana haraka. Na mchuzi hapana vuta kama chai. Vizuri."

Obitre alipata moyo. Akamwendea samaki. Alitoa mwiba wa kwanza kwa vidole, akauweka pembeni bila sauti. Alitoa wa pili. Wa tatu aliugundua ukiwa tayari mdomoni, mrefu, umelala juu ya ulimi. Mtu mwingine angeutema. Lakini masikioni mwake ilipita ile pfu, pfu ya mchumba wa pili, na mgongo wa Mama Yangi ulikuwa umetulia sana, unasubiri.

Akaumeza.

Mwiba ukakataa. Obitre akausukuma kwa tonge kubwa la enyasa, kama tulivyofundishwa wote na bibi zetu. Tonge likaenda mpaka kwenye mwiba, nalo likasimama. Pumzi ikaja nyuma yao ikakuta njia imefungwa.

"Sasa nasikia adabu," Mama Yangi aliuambia ukuta. "Wengine nakula samaki kama nagombana nayo. Wewe kimya kabisa. Poni alisema kweli."

Obitre alifungua mdomo. Hapakutoka kitu. Alitazama mlango: Poni alikuwa mbali barabarani, kidole kimoja sikioni, anacheka na wazee kwenye simu. Dumo alikuwa amelala juu ya pikipiki. Uani kinu kilitwanga. Alinyoosha mkono kumgusa Mama Yangi begani, na mkono ukasimama hewani, maana mkwe hamgusi mama mkwe. Ukashuka mezani. Ukagonga.

"Hapana gonga meza, mwanangu. Kama mchuzi tamu, sema tu."

Uligonga tena. Sahani ikaruka, ikaanguka sakafuni, ikavunjika.

Tabasamu la Mama Yangi likaondoka. Alikuwa anazijua sauti zote za watu wanaokula, ya anayetafuna, ya anayelamba, ya anayejifanya ameshiba ili asilipe zaidi. Na aliwahi pia, katika hoteli yake mwenyewe, siku asiyopenda kuitaja, kukisikia kimya kinachokuja baada ya mwiba.

"Mwanangu," aliita bila kugeuka. "Sema kitu."

Mbuzi alikuwa uani Koboko. Wazee walikuwa wamekunywa chai. Akigeuka sasa ataona mdomo wa mkwe wake umejaa chakula, na kwa mkono wake mwenyewe atakuwa ameivunja ndoa ya binti yake.

Aliita tena, kwa sauti ndogo, na safari hii hakusema mwanangu. Alisema jina lake.

"Obitre."

Nyuma ya Mama Yangi mkono uligonga meza mara moja zaidi, bila nguvu.

Kiti cha mbao cha Mama Yangi kikageuka, kikalia.